Mwislamu Ugenini Mbele ya Walaghai

Ndugu msomaji, dini ya Islam haikuja kumfundisha mtu Sala na Saumu tu, kisha ikamwacha peke yake sokoni, njiani na ugenini. Imemfundisha pia namna ya kukaa na watu wabaya bila yeye mwenyewe kuwa mbaya. Katika somo hili tutalitazama jambo linalowapata wengi waishio nchi za mbali, yaani ulaghai mdogo mdogo. Kila mwaka ndugu zetu wa Afrika Mashariki husafiri kwenda Uingereza kwa masomo, kwa kazi, au kuhudhuria Mkutano wa Mwaka (Jalsa Salana). Kwa hiyo mifano yetu mingi itatoka huko.

Wazee walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Hajui bei, hajui sheria za nchi, wala hajui ofisi ya kweli huandika barua ya namna gani. Laghai humtambua kwa mbali. Fedha anazonyang'anywa huenda zikawa kidogo, lakini hasara inayofuata mara nyingi huwa kubwa zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Vivyo hivyo aliyelaghaiwa huanza kumwona kila maskini kuwa mwongo, na taifa zima kuwa la wezi. Na kama aliyemlaghai alijiita ndugu yake katika imani, basi imani yenyewe huingiwa na ufa. Hivyo laghai huiba mara mbili, mfukoni na moyoni. Islam imetuonyesha njia ya kuvilinda vyote viwili.

AMRI MBILI ZISIZOPINGANA

Katika Sura Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametoa amri mbili karibu karibu. Ya kwanza ni kwamba mtu asiyeaminika akituletea habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta (49:7). Ya pili ni kwamba tujiepushe sana na dhana, kwani dhana nyingine ni dhambi (49:13). Msomaji wa haraka ataona kama kwamba amri hizi zinapingana. Sivyo. Kuchunguza ni kuuliza juu ya neno lililosemwa. Dhana mbaya ni kuuhukumu moyo wa aliyelisema. La kwanza ni wajibu wetu, la pili tumekatazwa. Mtu akikuambia kwamba ana chumba cha kupangisha, kuomba kukiona chumba hicho si kumtukana.

Katika Injili nako twaona kwamba Yesu a.s., alipowatuma wanafunzi wake kati ya watu wakali, aliwaagiza wawe na busara pamoja na upole (Mathayo 10:16). Naye Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. amefundisha kwamba mwaminio haumwi mara mbili katika tundu moja. Basi ujinga si sehemu ya ucha Mungu.

MILANGO MITATU YA LAGHAI

Laghai haingii kwa nguvu. Hupita katika mlango ambao mwenye nyumba ameuacha wazi, na milango hiyo ni mitatu.

1. Tamaa. Juu ya daraja la Westminster mjini London, mara nyingi wapita njia wamewaona watu wakicheza mchezo wa vikombe vitatu na kijimpira. Mtu mmoja aweka fedha, ashinda. Wa pili naye ashinda. Mgeni hajui kwamba hao walioshinda ni wenzi wa mchezeshaji, na kwamba wengine wamesimama kando kutazama kama polisi anakuja. Akiweka fedha yake yeye, kijimpira hakipo tena mahali alipokiona. Huko Paris, kando ya mto Seine, mtu hujifanya ameokota pete ya dhahabu miguuni pako. Hukupa kama zawadi, kisha huomba fedha. Pete hiyo ni ya shaba. Tazama sasa hekima ya sheria ya Mungu. Aliyeshika katazo la kamari (5:91) hawezi kuliwa na vikombe vitatu, na ajuaye kwamba kitu cha kuokotwa kina mwenyewe hawezi kununua pete ya njiani. Katazo alilolidhani kuwa mzigo limekuwa ngao yake.

Tamaa iyo hiyo huja kwa sura ya haja. Mwanafunzi anatafuta chumba. Aona tangazo la chumba kizuri kwa kodi ndogo kuliko vyote. Mwenye nyumba asema yuko safarini, atumiwe arbuni kwanza, naye ataleta funguo kwa posta. Funguo haziji. Basi kumbuka: usilipe kabla hujaingia ndani ya nyumba na kumjua mwenyewe. Katika sheria ya Uingereza, tangu tarehe 1 Juni 2019, malipo ya kushikia chumba katika upangaji wa kawaida hayapaswi kuzidi kodi ya juma moja. Na fedha ya dhamana sharti iwekwe katika mfuko ulioidhinishwa na serikali kabla ya kupita siku 30. Anayekataa masharti hayo amekwisha kujitambulisha mwenyewe.

Vivyo hivyo wako mawakala wanaouza kazi za kuwatunza wazee huko Uingereza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya nchi hiyo haipokei maombi mapya kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo. Na kwa kazi nyingine, orodha ya waajiri wenye kibali hutangazwa na serikali, na kuisoma ni bure. Ndugu, kabla ya kuuza shamba la baba, soma orodha hiyo.

2. Hofu. Simu yalia. Sauti yasema yatoka Wizara ya Mambo ya Ndani: karatasi zako zina kasoro, utafukuzwa nchini leo usipolipa sasa hivi. Pengine husema yatoka ofisi ya kodi, nayo hutaka ulipe kwa kununua kadi za zawadi za dukani na kuisomea namba zake. Mgeni hutetemeka, kwani karatasi zake ndizo maisha yake. Lakini serikali ya Uingereza imewaonya watu waziwazi kwamba Wizara hiyo haimpigii mtu simu kumdai fedha namna hii, na hakuna ofisi ya kodi inayolipwa kwa kadi za dukani. Dawa ya hofu ni kusubiri. Kata simu, kisha itafute wewe mwenyewe namba ya ofisi ile na kuuliza. Ukiwa na shaka juu ya benki yako, huko Uingereza namba 159 hukuunganisha na benki nyingi zilizo kubwa. Laghai huchukia sana muda, kwa sababu muda ni rafiki wa ukweli.

3. Huruma. Mlango huu ndio wenye hatari kubwa, kwa sababu umejengwa kwa wema. Mtu huja msikitini baada ya Sala. Asema yu msafiri, ameibiwa mkoba, mkewe yu mgonjwa mji mwingine, naye ni ndugu yenu katika imani. Ajua ya kuwa Kurani Tukufu imempa msafiri haki katika Zaka (9:60), naye huitumia haki hiyo kama chambo. Je, tumfukuze? La, hasha! Tumsikilize, tumkaribishe chakula, kisha tumpeleke kwa viongozi wa Jumuiya, ambao waweza kuuliza nchini kwake. Akihitaji nauli, anunuliwe tikiti. Akihitaji dawa, anunuliwe dawa. Mhitaji wa kweli atashukuru kwa haya. Laghai atasema kwamba hana nafasi ya kungoja, ataka fedha tu.

KISA CHA ABU HURAIRA R.A.

Mtume Mtukufu s.a.w. alimweka Abu Huraira r.a. kulinda nafaka ya Zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu, akaanza kuteka nafaka kwa mikono. Abu Huraira r.a. akamkamata. Yule mtu akalia kwamba ni maskini mwenye watoto, akaachiliwa. Asubuhi Mtume s.a.w. akamwuliza habari za mfungwa wake, kisha akamwarifu kwamba mtu yule amesema uongo, na kwamba atarudi. Akarudi usiku wa pili kwa maneno yale yale, akahurumiwa tena. Usiku wa tatu Abu Huraira r.a. hakukubali kumwachia. Ndipo mtu yule akajikomboa kwa kumfundisha kusoma Ayatul Kursi kabla ya kulala. Mtume s.a.w. akasema kwamba katika hilo alisema kweli ijapokuwa ni mwongo, na kwamba alikuwa shetani. Hadithi hii imo katika Sahih Bukhari.

Twajifunza mambo matatu. Kwanza, Mtume s.a.w. hakumlaumu sahaba wake kwa kuwa na huruma. Alimwongezea macho tu. Pili, huruma ya mlinzi ina mpaka, kwa sababu nafaka ile haikuwa mali yake bali ni amana ya maskini. Nasi pia, fedha iliyo mfukoni ina haki za watoto na wazazi ndani yake. Tatu, neno la kweli lipokewe hata likitoka katika kinywa kibaya. Huo ndio uadilifu wa Islam.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, kuchunguza hivi si upungufu wa kumtegemea Mungu?
Jibu: La. Bedui alipouliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, Mtume s.a.w. alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Kuchunguza ni kamba ya ngamia.

Swali: Nikimpa mtu sadaka kwa nia njema, kumbe ni mwizi, je, sadaka yangu imepotea?
Jibu: Haikupotea. Mtume s.a.w. ameeleza habari za mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia mkononi mwa mwizi. Usiku mwingine ikamwangukia mwanamke mzinifu, na mwingine tajiri. Watu wakamsema. Akaambiwa kwamba huenda kwa sadaka ile mwizi ataacha wizi wake, mwanamke uzinifu wake, na tajiri atapata funzo naye atoe. Basi toa kidogo kwa moyo mweupe bila kuogopa. Usimkemee mwombaji (93:11). Lakini kutoa sadaka ni jambo moja, na kumkabidhi mtu usiyemjua akiba yako yote ni jambo jingine.

Swali: Nimelaghaiwa nami naona haya. Je, ninyamaze?
Jibu: Haya yako ndiyo kichaka cha laghai. Kurani Tukufu imekataza kuficha ushahidi (2:284). Iarifu benki yako siku ile ile. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinawajibika, kwa masharti, kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa njia ya benki ndani ya nchi hiyo, hadi pauni 85,000, mradi adai kabla ya kupita miezi 13. Fedha taslimu iliyotolewa mkononi haimo katika kanuni hiyo. Polisi huarifiwa kwa namba 101, na hatari ikiwa mbele yako, 999. Kisha waonye na wenzio, ili tundu lile lisimwume mwingine.

HAKI YA LAGHAI MWENYEWE

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaamuru wafuasi wake wamsaidie ndugu yao, akiwa mdhulumiwa au dhalimu. Wakauliza, dhalimu twamsaidiaje? Akaeleza kwamba msaada wake ni kumzuia asidhulumu. Basi kumpeleka laghai mbele ya sheria si kulipiza kisasi. Ni kumpunguzia mzigo wa Siku ya Kiyama. Lakini tusimpige, tusimzulie neno, wala tusilitukane taifa lake kwa ajili yake, kwani uadui wa watu usitufanye tuache uadilifu (5:9). Anayemchukia Mwingereza au Mwafrika kwa kosa la mmoja amekwisha kuwadhulumu maelfu wasiomjua.

Zaidi ya yote, tujitazame wenyewe. Siku moja Mtume s.a.w. alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji chini. Mwenyewe akaeleza kwamba ilinyeshewa mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mdanganyifu hayumo katika watu wake. Mtu yule hakuiba kitu, alificha tu. Je, anayeandika uongo katika maombi ya viza, au anayepangisha kitanda kwa mgeni mwenzake kwa bei ya kumkamua, yeye ni nani? Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika masharti kumi ya baiati aliyoyatangaza tarehe 12 Januari 1889, amemtaka kila aingiaye katika Jumuiya aache uongo na hiana. Na katika kitabu chake Kishti-i-Nuh cha mwaka 1902 ameonya kwamba asiyeacha uongo na udanganyifu si wa Jumuiya yake. Sharti hilo halifutwi kwa kuvuka bahari.

Basi ndugu msomaji, uwe Mwahmadiyya au mtafutaji wa haki, ukienda ugenini chukua vitu viwili: jicho lililo wazi na mkono ulio wazi. Jicho bila mkono hukufanya bahili, na mkono bila jicho hukufanya windo. Mwenyezi Mungu atulinde tusilaghaiwe, na atulinde zaidi tusiwe walaghai. Amin.