UA LA ORTENSIA KANDO YA NYUMBA

Wewe unayetaka kupanda ortensia, fikiri kwanza mahali. Jua kali la mchana linanyausha majani yake, na katika Katanga, toka mwezi wa Mei hata Septemba, mvua ni haba sana. Basi panda miti miwili au mitatu tu, upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, karibu na maji.

1. Udongo. Usilete udongo wa mgodi. Shaba nyingi inaua mizizi, nao udongo ule haufai kukaa karibu na mboga za watoto wako. Tumia udongo mweusi na majani yaliyooza.

2. Kupanda. Kata kijiti kisicho na ua, urefu wa sentimetri 15. Acha majani mawili ya juu, ukate nusu ya kila moja. Chomeka kivulini, penye unyevu. Baada ya majuma 4 hivi mizizi inatoka. Hamisha mvua zikianza.

3. Rangi. Udongo mkali unaleta ua la buluu. Ukitupa majivu ya jiko hapo mara nyingi, ua linageuka kuwa jekundu hafifu.

4. Kukata. Maua yanatoka juu ya matawi ya mwaka uliopita. Ondoa maua makavu tu. Ukikata matawi yote, hutaona kitu.

5. Sumu. Mbuzi akila majani anaugua, mtoto vilevile. Zungushia lupango wa matete.

Mti ukilegea mchana na kusimama jioni, haujafa. Usiumwagie bure. Maji ya kunywa na ya mboga ndiyo ya kwanza.