Nauli, Kodi na Tozo: Isome Hesabu ya Tiketi Kabla ya Kulipa

Kijitabu kwa wasafiri wa kimataifa wanaokata tiketi mtandaoni

Ukitafuta tiketi ya Dar es Salaam–London, kwenda na kurudi, utakuta nauli ya msingi, kisha mstari mmoja chini yake: kodi, ada na tozo. Mara nyingine mstari huo hukaribia nauli yenyewe, au kuipita. Wasafiri wengi huuruka wakiamini kwamba zote ni fedha za serikali, kwa hiyo hakuna la kufanya. Sivyo. Humo mna wadai watatu: serikali, uwanja wa ndege, na shirika la ndege lenyewe. Ukishajua nani anadai nini, utajua tiketi ipi kweli ina unafuu, na fedha zipi udai urudishiwe usiposafiri.

Fungua mchanganuo wa bei

Kabla ya kuingiza namba ya kadi, bonyeza palipoandikwa mchanganuo au maelezo ya bei. Tozo nyingi zina alama ya herufi mbili. GB ni kodi ya Uingereza kwa abiria wa ndege, na UB ni ada ya viwanja vya huko. AY ni ada ya usalama ya Marekani: dola 5.60 kwa safari ya upande mmoja, isiyozidi dola 11.20 kwa kwenda na kurudi. Kwa upande wa Tanzania Bara, ada ya huduma ya abiria anayeondoka kwenda nje ni dola 40, nayo imo ndani ya tiketi, hivyo hulipi tena dirishani.

Sasa tafuta YQ au YR. Hapo ndipo pa kukazia macho. Hizi ni tozo za shirika la ndege, ambazo mara nyingi huitwa tozo za mafuta, na serikali haioni hata senti yake. Mashirika mawili yanayopita njia ileile siku ileile, kwa daraja lilelile, yatakutoza kodi ileile ya serikali, lakini YQ zao zinaweza kupishana mno. Ndiyo maana hata anayelipia tiketi kwa pointi zake za usafiri huambiwa aongeze fedha taslimu nyingi. Kwa maoni yetu, kuiorodhesha tozo hii pamoja na kodi kunampotosha msafiri. Usilinganishe nauli za msingi. Linganisha jumla ya mwisho, pamoja na mzigo utakaobeba.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1008 ya mwaka 2008 inalazimisha bei inayotangazwa iwe na kodi na ada zote za lazima, tena inakataza huduma za hiari kuwekewa alama ya vema kabla mteja hajachagua. Marekani ilianza kulazimisha bei kamili Januari 2012. Kwenye tovuti zisizobanwa na sheria za namna hiyo, kagua mwenyewe kama bima au kiti cha kulipia havijaingizwa kimyakimya.

Ukipitia au kuanzia Uingereza

Kodi ya GB ilianza Novemba 1994 ikiwa pauni 5 kwa safari za Ulaya na pauni 10 kwingineko. Sasa inapangwa kwa umbali kutoka London, na Kenya na Tanzania zimo kundi la kati. Kwa daraja la chini ilikuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 102. Madaraja ya juu hulipiwa zaidi ya mara mbili. Mtoto wa chini ya miaka 16 aliyekaa daraja la chini hatozwi kabisa, kwa hiyo familia ihakikishe tarehe za kuzaliwa zimeingizwa sawasawa.

Kodi hii hutozwa anayeondoka Uingereza tu; anayeingia hatozwi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda New York akabadilisha ndege London ndani ya saa 24, kwa tiketi moja, haguswi. Lakini akiamua kukaa siku tatu kwa shangazi yake Leicester ndipo aendelee, safari ya kutoka London inahesabiwa upya na kodi inaingia. Hali ni hiyohiyo akinunua tiketi mbili zisizounganishwa, hata kama anasubiri saa chache tu. Tiketi mbili zinazoonekana za bei nafuu zinaweza kukugharimu zaidi.

Usiposafiri

Tiketi ikiandikwa kwamba nauli hairudishwi, wengi hukata tamaa ya kila kitu. Kodi na ada zinazodaiwa kwa sababu abiria anaondoka, kama GB, hazidaiwi kama hakuondoka. Omba zirudishwe. Shirika au wakala anaweza kukata gharama ya kushughulikia ombi, na YQ mara nyingi hufuata masharti ya nauli.

Yasiyoonekana kwenye tiketi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilianzisha ada ya abiria iitwayo Go-Pass mwaka 2009, dola 50 kwa safari ya nje, na kwa miaka mingi abiria waliinunua uwanjani, mbali na tiketi. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, inawataka wageni wa kigeni wawe na bima maalumu. Ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Viza nayo iko nje ya hesabu. Tena ukilipa kwa dola kwa kadi ya shilingi, benki hubadili fedha kwa kiwango chake na huenda ikaongeza makato; iulize kabla.

Hifadhi stakabadhi yenye mchanganuo, si ile ya jumla pekee. Unapodai marejesho andika namba ya tiketi yenye tarakimu 13, kisha taja kila tozo kwa alama yake na kiasi chake. Ombi lililoandikwa “nirudishieni kodi” ni rahisi kujibiwa kwa hapana. Linalosema “GB, pauni 102, sikusafiri” linamlazimu karani aangalie mstari huo.