MASIZI HUUNGUA, MAJIVU HUBAKI
Utunzaji wa vichujio vya moshi wa dizeli migodini

Kusini mwa Ziwa Victoria, kutoka Geita hadi Kahama mkoani Shinyanga, umelala ukanda wa miamba yenye dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, huchimbwa chini ya ardhi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, na mwaka 2016 ukaanza pia uchimbaji wa chini ya ardhi. Katika shimo la wazi moshi wa magari huchukuliwa na upepo. Chini ya ardhi hakuna upepo, ila hewa inayosukumwa na feni kubwa. Na mitambo ya dizeli inayozoa na kubeba mawe hufanya kazi mahali pale pale watu wanapovuta pumzi.

Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani ya mapafu. Ushahidi mmojawapo ulitokana na uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi 8 ya Marekani. Kwa hiyo kichujio kinachofungwa katika bomba la moshi si pambo la mtambo. Lakini kichujio kisichotunzwa hugeuka kuwa mzigo kwa injini, na fundi asiyekielewa hushawishika kukitoa.

Asili ya masizi

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto kali, kisha nozeli hupuliza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Pale ambapo mafuta ni mengi na oksijeni ni haba, kaboni haiungui yote, bali hubaki kuwa punje nyeusi. Haya ni masizi, ya jamii moja na yale yanayoganda chini ya sufuria iliyotelekwa juu ya mafiga. Punje zilizo nyingi hazifikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo maana hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Umbo la kichujio

Kichujio cha moshi hufanana na sega la nyuki lililofinyangwa kwa seramiki. Kina vijia vingi vyembamba vilivyolala sambamba. Kijia kimoja kimezibwa upande wa kutokea, na jirani yake kimezibwa upande wa kuingilia. Moshi ukiingia hukosa njia, hivyo hulazimika kupenya ukuta wenye vitundu vidogo sana. Gesi hupita, masizi hunaswa. Kichujio kizima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa masizi.

Hata hivyo, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hupita katika ukuta huo bila kizuizi. Kwa sababu hiyo kichujio hakiwezi kuchukua nafasi ya feni za mgodi, wala hakihalalishi mchimbaji mdogo kuteremsha pampu au jenereta ndani ya duara.

Masizi na majivu

Masizi yaliyonaswa yasipoondolewa huziba kichujio. Dawa yake ni moto. Kaboni huungana na oksijeni ikawa kaboni dioksidi, ambayo ni gesi, nayo hutoka:

C + O₂ → CO₂

Mwungano huo huhitaji joto la nyuzi 600 hivi za Sentigredi. Kichujio kilichopakwa kichocheo cha kikemia huweza kujisafisha kwa joto dogo zaidi, kati ya nyuzi 250 na 400. Lori lililosheheni mawe likipanda mteremko mrefu kutoka chini hupata joto hilo kwa urahisi. Gari dogo la kubebea mafundi, linalokwenda mwendo mfupi na kusimama huku injini ikinguruma, halilipati. Masizi yake hurundikana. Rundo likizidi kisha likashika moto kwa ghafula, joto huweza kupita nyuzi 1,000 na kupasua seramiki.

Majivu ni jambo jingine. Hutokana hasa na madini yaliyotiwa katika oili ya injini, kama vile kalsiamu na zinki, pamoja na chembe za chuma kilicholika. Haya yamekwisha kuungua, na hakuna moto utakaoyageuza kuwa gesi. Hujikusanya polepole kwa mamia ya saa za kazi, na hayana budi kuondolewa kwa mikono ya fundi.

Jaribio la darasani

Jaribio hili lifanyike nje, chini ya uangalizi wa mwalimu. Kijiko cha chuma kishikwe kwa koleo juu ya mwali wa koroboi hadi kiwe cheusi. Kijiko cha pili kitiwe majivu kidogo ya kuni. Vyote viwili viwekwe juu ya makaa yanayowaka hadi chuma kiwe chekundu. Weusi wa kijiko cha kwanza utatoweka. Majivu ya kijiko cha pili yatabaki.

Kanuni za utunzaji

1. Kipimo cha kanieneo ya moshi kabla ya kichujio kisomwe kila siku na kuandikwa. Kanieneo ikipanda, kichujio kinaziba. Ikishuka ghafula, huenda seramiki imepasuka. Weusi ndani ya bomba baada ya kichujio huthibitisha.

2. Kichujio kikijaa upesi kuliko kawaida, injini ichunguzwe kwanza. Wakati wa kiangazi vumbi la Shinyanga huziba kichujio cha hewa; oksijeni hupungua na masizi huongezeka. Nozeli inayotiririsha mafuta badala ya kuyapuliza huleta matokeo hayo hayo.

3. Oili iwe ya aina inayoacha majivu machache, na injini inayokula oili itengenezwe.

4. Dizeli iwe na salfa kidogo, maana salfa huharibu kichocheo. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50 katika sehemu milioni moja.

5. Gari lenye kazi nyepesi lipangiwe muda wa kuchoma masizi, ama kwa kazi nzito, ama kwa tanuri maalumu la karakana.

6. Majivu yaondolewe kichujio kikiwa kimepoa, kwa hewa inayopulizwa kutoka upande wa kutokea, ndani ya kabati lililofungwa lenye kifyonza vumbi. Fundi avae barakoa inayofaa. Kukung'uta kichujio hadharani ni kurudisha sumu ile ile katika mapafu ya wenzake.

7. Kichujio kisigongwe, kisimwagiwe maji kikiwa cha moto, wala kisitobolewe.

Fundi anayetoboa kichujio huona injini imepata nguvu, naye hudhani ameitibu. Hakika ameondoa dalili na kuacha ugonjwa: kichujio cha hewa bado kimeziba, nozeli bado inavuja, na masizi yote sasa yanakwenda kwa watu walio chini ya ardhi.

Maswali

1. Kwa nini kuongeza joto hakuwezi kusafisha kichujio kilichojaa majivu?
2. Magari mawili yana vichujio vya aina moja, lakini kimoja huziba mapema. Taja sababu tatu zinazowezekana.
3. Gramu 12 za kaboni zikiungua kabisa, hutoa gramu ngapi za kaboni dioksidi?
4. Eleza kwa nini mgodi wenye vichujio bado huhitaji feni.