Harufu ya mchaichai kwa mtoto asiyeongea

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, ana ulemavu wa akili na haongei. Kila akioga hupiga kelele. Je, harufu nzuri zitamsaidia? Mama, Handeni.

JIBU: Mama, harufu haiondoi ulemavu, lakini inaweza kumtuliza na kumpa taarifa. Kabla ya kila kuoga, ponda jani la mchaichai, mnusishe, kisha mwende bafuni. Akizoea atajua kinachofuata, na hofu huenda ikapungua.

Mwache achague: mchaichai mkono huu, ganda la chungwa mkono ule. Akisogea amekubali, akigeuza uso amekataa, naye asikilizwe.

Majani yanatosha. Mafuta ya mkaratusi au kafuri yakimezwa huweza kuleta degedege, na watoto wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa, hivyo yafungie mbali. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi. Dawa za hospitali zisiachwe.

Kama kelele zimeanza ghafla, apimwe kwanza: huenda ni sikio, jino au kidonda. Kwa mafunzo zaidi, ulizia Shule ya Irente Rainbow, Lushoto, inayofundisha watoto kama wako. Njia ni kupitia Korogwe na Mombo.