Mwanangu Alikodi Baba Mdogo wa Kwenda Naye Shuleni



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro mjini. Nauza nyanya na vitunguu sokoni. Natoka nyumbani saa 10 alfajiri kuwahi magari ya mzigo, narudi jioni. Baba yao ni dereva wa malori ya safari ndefu, mwezi unaweza kuisha hatujamwona.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kata ya kutwa. Mwezi uliopita alikamatwa darasani na simu ya zamani ya baba yake, niliyokuwa nimeiweka kabatini. Mwalimu wa nidhamu aliichukua, akamwambia asirudi bila mzazi. Mimi hakuniambia kitu. Alikwenda kijiweni, akamchukua kijana wa bodaboda na kumpa shilingi 10,000 ajifanye baba yake mdogo. Fedha hiyo nilimpa mimi akalipe mchango wa chakula cha mchana. Yule kijana alikaa ofisini na walimu, akasaini karatasi kwamba mtoto akirudia kosa shule imchukulie hatua yoyote, tena akaongeza kwa mdomo wake, "Mchapeni tu, mimi nimeruhusu."

Haya nimeyajua kwa binti wa jirani anayesoma shule hiyo hiyo. Nilipombana mwanangu alikiri yote, akalia, akaniomba nisiende shuleni kwa kuwa mambo yameshaisha na simu atarudishiwa shule zikifungwa.

Shangazi, naogopa. Nikienda, si nitakuwa nimemchongea mwanangu mwenyewe? Wakimfukuza je? Na mimi mwenyewe naona aibu, maana mchango wa chakula nadaiwa tangu mwaka jana, ndiyo sababu hata vikao vya wazazi siendi. Baba yake naye nikimwambia, kwa hasira zake sijui atamfanya nini. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Morogoro

 Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kutoufumbia macho.

Jibu langu ni kwamba uende shuleni. Nenda wiki hii, na mtoto awe kando yako. Najua si neno ulilotamani kulisikia, kwa hiyo nikueleze sababu, kisha tupange namna ya kwenda.

Mwanao anasema mambo yameisha. Tazama yaliyobaki. Katika ofisi ya shule kuna karatasi yenye jina la mtu ambaye si ndugu yenu, na inawezekana kabisa namba yake ya simu iko pale. Mtoto akizidiwa na homa darasani au akivunjika mguu uwanjani, atakayepigiwa ni yeye. Shule ikiitisha mzazi kwa jambo jingine, itamwita yeye. Na yule kijana sasa ana siri ya mwanao mkononi. Leo kapewa 10,000. Kesho akiomba nyingine, mtoto ataitoa wapi zaidi ya mfukoni mwako? Mtoto wa miaka 16 kuishi kwa hofu ya mtu mzima wa mtaani ni hatari kubwa kuliko adhabu yoyote ya mwalimu wa nidhamu.

Kuhusu kumchongea, nisikilize vizuri. Binti wa jirani anajua, na anachokijua mwanafunzi mmoja, darasa zima litakijua kabla muhula haujaisha. Walimu watapata habari. Tofauti iko kwenye nani atakayewapa. Wakiipata kwa minong'ono, mbele yao watamwona kijana mdanganyifu ambaye kwao hana mzazi. Wakiipata kwako, huku yeye mwenyewe amesimama na kukiri, wataona kosa lililokwisha kuanza kurekebishwa.

Sasa hofu ya kufukuzwa. Ipo kanuni ya mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu inayohusu kufukuza na kusimamisha wanafunzi. Inazungumzia utovu wa nidhamu wa makusudi unaojirudia na kuhatarisha nidhamu au jina zuri la shule, makosa ya jinai kama wizi, uharibifu wa mali na dawa za kulevya, na mwanafunzi kuingia kwenye ndoa. Haikuandikwa ili mwalimu mmoja mwenye hasira amwambie mtoto asionekane tena. Jambo zito kiasi hicho hupita kwa mkuu wa shule na bodi ya shule, na mzazi ana haki ya kukata rufaa. Sikuahidi kwamba mwanao hataadhibiwa. Anaweza kupewa kazi za usafi, na anaweza hata kusimamishwa kwa muda. Akisimamishwa, omba barua inayotaja kosa na tarehe ya kurudi, uitunze, na siku hiyo umrudishe wewe mwenyewe. Mtoto asikae nyumbani kwa agizo la mdomo tu, kwa sababu mahudhurio yake yataonyesha utoro, na hutakuwa na kitu cha kujitetea.

Na ile kauli ya "mchapeni tu" usiiache hewani. Kanuni za viboko, nazo za mwaka 2002, zimeweka mipaka. Adhabu hiyo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, haizidi viboko vinne kwa mara moja, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na ni lazima iandikwe kitabuni. Inatakiwa pia kuangaliwa umri wa mtoto na afya yake. Hakuna mzazi, awe wa kweli au wa kukodi, mwenye uwezo wa kumruhusu mwalimu avuke hapo. Kama mwanao ana tatizo lolote la kiafya, liseme siku hiyo hiyo.

Namna ya kwenda ni hii. Kwanza kaeni wawili nyumbani, umweleze kwamba mtakwenda pamoja na kwamba atakayeanza kusema ni yeye. Asisubiri kukusikia ukimtetea. Kisha mpigie mwalimu wa darasa, uombe muda unaokufaa. Kama mchana huwezi kuacha biashara, sema hivyo. Mwalimu akipewa taarifa mapema hupata nafasi hata jioni baada ya vipindi. Kama namba yake huna, mwanao apeleke barua fupi yenye jina lako, namba yako na siku unazoweza kufika. Mkifika, jiandikishe kwenye kitabu cha wageni kwa jina lako kamili, ubebe na kitambulisho. Yaliyotokea yakupe sababu ya kuthibitisha kwamba wewe ndiye mama.

Anza kwa mwalimu wa darasa. Yeye atakupeleka kwa mwalimu wa nidhamu na, ikibidi, kwa mkuu wa shule. Maneno yasiwe mengi. Sema, "Mwalimu, mtu aliyekuja hapa si ndugu yetu. Mtoto amenieleza, na nimekuja naye aseme mwenyewe." Mwanao akimaliza, omba mambo matatu. Karatasi iliyosainiwa na yule kijana ifutwe na wewe uandike ya kwako. Namba za simu kwenye kumbukumbu za mwanao zilinganishwe na zile mlizojaza kwenye fomu ya kujiunga, na zisizo zenu ziondolewe. Na adhabu itakayoamuliwa uelezwe wewe pia, ili nyumbani usiongeze nyingine juu yake wala usiipunguze.

Simu usiidai. Karibu kila shule ya sekondari ya serikali imeandika kwenye sheria zake kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na sheria hizo huwa zimo kwenye maelezo ya kujiunga ambayo mzazi husaini mwanzoni. Zitafute nyumbani karatasi hizo, mzisome pamoja mstari kwa mstari. Uliza tu simu imetunzwa na nani na itarudishwa lini, kisha uifuate wewe, si yeye.

Nimeacha deni la chakula mpaka hapa kwa sababu naona ndilo lililokufungia geti la shule. Tangu Januari 2016 serikali ilifuta ada ya sekondari ya kutwa, ile ya shilingi 20,000 kwa mwaka, kidato cha kwanza hadi cha nne. Waraka uliotolewa mwaka huo ulibakiza kwa wazazi mambo kama sare, madaftari na chakula cha wanaosoma kutwa. Kwa hiyo mchango wa chakula si dhuluma, ni makubaliano ya wazazi, na kudaiwa si kosa la kukufanya ujifiche. Tena Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza wanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango na akaagiza walimu wasihusike kuikusanya. Ukifika, muulize mkuu wa shule nani anapokea mchango huo kwa niaba ya wazazi, umtafute, umwambie unachoweza kutoa kwa mwezi. Na wewe unauza nyanya na vitunguu! Uliza kama jiko la shule linaweza kupokea tenga moja moja badala ya fedha. Chochote utakachotoa, dai risiti au saini. Ile 10,000 iliyoishia kijiweni, mwanao ailipe kwa jasho lake, akusaidie sokoni siku za Jumamosi mpaka itimie.

Baba yake aambiwe, lakini baada ya kutoka shuleni, ili apewe habari pamoja na hatua zilizochukuliwa. Mweleze kwamba shule imeshaamua adhabu na kwamba mtoto hawezi kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Ukiona hasira bado imempanda, mshirikishe mtu anayemheshimu, kaka yake au mzee wa ukoo, aongee naye kabla hajafika nyumbani. Kumficha kabisa usikubali, maana mtakuwa wawili mnaomdanganya mtu mmoja, na mwanao atajifunza kwamba ndivyo nyumba yenu inavyoendeshwa.

Kijana wa bodaboda naye usimfuate kwa matusi. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiwe, na mbele yake umwambie kijana huyo kwamba shule imeshajua na kwamba asimsogelee mwanao tena. Kujifanya mtu mwingine ili kudanganya ni kosa katika sheria za nchi. Akiendelea kumsumbua mtoto, serikali ya mtaa ipo na polisi wapo.

Niwaambie na wakuu wa shule neno moja, kwa heshima yote. Mzazi anapoitwa, aulizwe jina, lilinganishwe na fomu ya kujiunga, na asipokuwa baba wala mama waliojazwa humo, wapigiwe kwanza hao. Ni kazi ya dakika tano. Tunapomwambia mtoto alete mzazi halafu tukamwachia yeye achague wa kumleta, tumemwekea mtego mtoto huyo.

Nawe, mwanangu, usijione mama mbaya kwa sababu unaamka saa 10 kutafuta riziki yao. Lakini kubali hili: yule kijana aliweza kukaa kwenye kiti cha mzazi kwa sababu hapakuwa na mwalimu anayejua mzazi wa mtoto yule anafananaje. Wewe ulikuwa unakwepa vikao kwa aibu ya deni, na mwanao alikuwa anakuona. Alipobanwa, akafanya alichokiona. Kwa hiyo kikao kijacho hudhuria hata kama deni halijaisha, keti mbele, na baada ya kikao mpe mwalimu wa darasa mkono umwambie wewe ni mama wa nani. Mwanao akishajua kwamba utafika ofisini hata ukiwa unadaiwa, na kwamba utasimama naye hata akiwa na kosa, hatakuwa na sababu ya kumlipa mtu mwingine afanye kazi hiyo.