Laptopu ikiganda inapowaka, usikimbilie kupiga windo

Mdogo wangu wa Milola mwenye steshenari, nimekuelewa. Laptopu inawaka, unaingiza nywila, kisha inaganda, mshale hauendi, na vijana wa fomu za mikopo ya chuo wamesimama wanakusubiri. Fundi amesema dawa ni kupiga windo upya, yaani kuweka Windows upya, nawe unauliza umpe hela au usimpe.

Usimpe bado. Windo mpya inaweza kuondoka na kazi za wateja wako, na siku utakapoweka tena programu zilezile, ugonjwa utarudi.

Angalia ulichokiweka. Umeniambia una antivairasi mbili, na modemu za mitandao mitatu, kila moja na programu yake. Modemu sikulaumu, huko mtandao mmoja ukipotea lazima uwe na pa kukimbilia. Lakini programu hizo nyingi hujiwasha zenyewe mara tu kompyuta inapoamka. Antivairasi ndiyo nzito zaidi, kwa sababu inakaa ndani kabisa ya mfumo na kukagua kila faili linalofunguliwa. Zikiwa mbili, kila moja inamkagua mwenzake na kumzuia, na mashine inabaki hapo hapo. Windows 10 na 11 zinakuja na kinga yake, Defender, ambayo kwa kawaida hujiweka pembeni ukiweka nyingine. Moja inakutosha, mdogo wangu.

Kwanza ingia kwenye Safe Mode, ambako Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Kwenye ukurasa wa nywila, shikilia Shift huku ukibofya Restart. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4. Mashine ikikuomba ufunguo wa BitLocker, ni ule wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ukishaingia, kabla ya lolote, nakili kazi za wateja kwenye flashi. Hili nakusihi.

Ikiganda hata humo, shuku diski, memori au Windows yenyewe, na hapo fundi ana kazi. Ikienda vizuri, lawama inahamia kwenye programu au draiva zilizoongezwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, nenda Services, weka tiki kwenye Hide all Microsoft services, kisha zima zilizobaki. Usiiruke tiki hiyo, maana bila yake utazima na vitu ambavyo Windows inavihitaji. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uzime vilivyo kwenye Startup. Washa upya kwa kawaida.

Ikitulia, rudisha nusu tu ya ulivyozima, uwashe tena. Ikiganda, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Programu 16 zinakuwa 8, 4, 2, mpaka unabaki na moja. Wengi hukwama pale ambapo kila nusu ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri, wakadhani tatizo limeisha. Hapo ujue wagomvi ni wawili, mmoja kila upande. Acha nusu ya kwanza ikiwa imewashwa, kisha rudisha za nusu ya pili moja moja mpaka mashine igande.

Ukimpata, mwondoe kupitia orodha ya programu kwenye Settings. Kufuta folda peke yake kunaacha mabaki, na mabaki ya antivairasi yanaendelea kusumbua.

Usione haya kwamba yamekukuta. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege zikakwama viwanjani. Kwenye mashine nyingi mafundi waliingia Safe Mode wakafuta faili moja lenye kasoro. Hawakuhitaji kupiga windo upya.

Kwa hiyo leo jioni, wateja wakishaondoka na kazi zao ukishazinakili, anza na hizo antivairasi mbili. Chagua moja, nyingine iondoe, kisha uniandikie mashine imeamkaje.