UZITO WA KOMPYUTA NA NAMNA YA KUUPIMA
Somo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Miongoni mwa maneno yanayoandikwa mara kwa mara katika barua za kuomba vifaa vya ofisi ni haya: "Kompyuta tuliyonayo ni nzito, tunaomba mpya." Neno "nzito" halina kipimo. Halisemi ni kazi gani inayochelewa, inachelewa kwa muda gani, wala kama ucheleweshaji huo umo ndani ya kompyuta yenyewe au umo katika waya unaoiunganisha na ofisi nyengine. Na huku barua ikisubiri majibu, mwananchi aliyeondoka Micheweni alfajiri kwenda Wete kufuata cheti huambiwa arudi kesho kwa kuwa mtandao unasumbua. Nauli yake imekwenda, na siku yake imekwenda. Somo hili linakusudia kueleza programu zinazopima utendaji wa kompyuta, ili mtumishi aseme kwa hesabu pale alipozoea kusema kwa makadirio.

Mfano wetu tutauchukua ng'ambo ya bahari, katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga, mkoa ambao tangu mwaka 2010 umeungana na Pemba kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Mombo, uliopo chini kwenye barabara kuu, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kupitia Soni, na barabara yote ni kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Kabichi, karoti na mapeasi ya huko huteremshwa kwa njia hiyo kabla ya kushika barabara tambarare ya kwenda Dar es Salaam.

Sasa tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba safari nzima ya mzigo ni saa 10: saa 4 za kukusanya mboga vijijini na kuteremka mlima, na saa 6 za tambarare. Mwenye gari akanunua lori jipya lenye mwendo maradufu kwenye tambarare. Atatumia saa ngapi? Wengi watajibu saa 5. Jawabu ni saa 7, kwa sababu lori jipya halikupunguza hata dakika moja ya mlima. Na hata angepata chombo cha kuruka tambarare yote kwa kupepesa jicho, safari yake isingeshuka chini ya saa 4. Hesabu hii, katika elimu ya kompyuta, hunasibishwa na Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani aliyeieleza mwaka 1967. Maana yake ni kuwa faida ya kuharakisha sehemu moja hukomea pale zinapoanzia sehemu ambazo hazikuguswa.

Wenyeji wa Usambara waliyaona haya kwa macho kabla ya kompyuta kuzaliwa. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na ikafika Mombo mwaka 1905. Kwa mizigo ya tambarare ilikuwa neema kubwa. Lakini magogo ya mierezi ya msitu wa Shume yalibaki juu, na reli ilibaki chini. Ndipo, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakajenga njia ya kamba za chuma iliyoning'iniza mbao hewani kutoka Shume hadi Mkumbara, penye reli. Hawakuongeza mabehewa; walitazama mahali mzigo unapokwama, wakatengeneza hapo. (Uhalali wa kuvuna msitu ule na faida ilikwenda kwa nani ni somo jengine, nalo si dogo.)

Kompyuta nayo ina tambarare na ina mlima. Sehemu zinazotuhusu ni nne: prosesa inayofanya hesabu, kumbukumbu ya muda inayoshika kazi iliyo mkononi, diski inayohifadhi majalada, na mtandao. Tofauti za kasi baina yao ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Prosesa ikitaka kitu kilichomo katika kumbukumbu ya muda hukipata kwa kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ikikitaka kutoka diski ya kuzunguka, husubiri kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani mara 100,000 zaidi. Tukifanya kwamba safari ya kumbukumbu ya muda ni dakika moja, kama kuinuka kitini na kuchukua jalada kabatini, basi safari ya diski ya kuzunguka ni siku 69. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka hupunguza safari hiyo hadi karibu saa 17. Kwa ajili hiyo kompyuta yenye prosesa bora na kumbukumbu haba hufanana na karani hodari ambaye kabati lake limejengwa mji mwengine.

Je, mtumishi atajuaje sehemu ipi ndiyo mlima wake? Kwa kompyuta za Windows, ambazo ndizo zilizoenea maofisini, ipo programu iliyokuja pamoja na mashine na isiyohitaji kununuliwa. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Katika ukurasa wake wa utendaji zitaonekana chati za prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Usizitazame kompyuta ikiwa imepumzika, kwani hazitakwambia kitu. Anza ile kazi inayokuudhi, kisha tazama ni chati ipi inayopanda na kuganda juu.

Ikiwa diski imeganda kwenye mia kwa mia na prosesa iko kumi, kununua prosesa mpya ni lori la tambarare. Ikiwa kumbukumbu imejaa, na diski inahangaika pamoja nayo, sababu huwa ni kwamba kompyuta imekosa nafasi mezani na inahamishia makaratasi sakafuni. Kuongeza kumbukumbu peke yake, kwa gharama ndogo mno kuliko ya mashine mpya, aghalabu hutosha. Ikiwa prosesa ndiyo iliyojaa, tazama orodha ya programu ujue ni ipi inayoila, kwani huenda ni programu ya kupambana na virusi inayokagua mashine saa za kazi badala ya usiku. Na ikiwa zote nne zimetulia huku wewe unasubiri, basi tatizo haliko katika chumba chako. Liko kwenye mashine kuu inayohudumia ofisi nyingi, ambayo huitwa seva, au katika njia ya kuifikia.

Kwa wasimamizi wa seva iko programu nyengine ya Windows, Performance Monitor, inayoandika vipimo kwa saa na siku nzima. Wanaotumia Linux wanazo top, vmstat na iostat. Faida ya kuandika kwa muda mrefu ni kuwa matatizo mengi yana saa zake: saa 3 asubuhi watumishi wote wanapoingia kazini, au mwisho wa mwezi mishahara inapotayarishwa. Kipimo cha saa 9 alasiri hakishuhudii msongamano wa saa 3.

Njia ya mtandao hupimwa kwa programu fupi iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Disemba 1983. Hupeleka ujumbe mdogo kwenye kompyuta ya mbali na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: upana wa njia na urefu wa safari. Matangazo ya makampuni husifu upana. Lakini kabla ya mkongo wa SEACOM kufunguliwa Julai 2009, na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Tanzania na nje ilipitia setilaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000, na hata mwanga huzimaliza kwa karibu nusu sekunde. Mfumo unaohitaji maswali 20 mfululizo ili kufungua ukurasa mmoja ulikula sekunde 10 kwa safari peke yake, hata njia ingekuwa pana kama bahari. Katika mkongo wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo ping ikionyesha nusu sekunde kwa seva iliyomo nchini, uliza ujumbe wako unapitia wapi.

Sekunde si jambo dogo. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, nacho hufundisha watu wa masjala za mahakama. Tuchukue karani yeyote wa masjala, wa huko au wa kwetu, anayefungua kumbukumbu 80 kwa siku, na kila moja inamchelewesha sekunde 45. Hizo ni sekunde 3,600, saa nzima ya kazi kila siku, na saa hiyo hulipwa na watu waliopanga foleni dirishani.

Hayo ni ya kutafuta mlima. Lipo suala la pili, nalo ni la kulinganisha kompyuta na kompyuta wakati wa manunuzi. Hapa hutumika programu za kipimo linganishi: kazi ileile hupewa mashine mbalimbali, na muda ukaandikwa. Msingi wake ni uleule wa mashamba ya majaribio. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo Amani, katika Usambara ya mashariki, na hata leo Lushoto kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania. Mtafiti wa miti hapandi aina moja bondeni na nyengine kileleni kisha akatangaza ipi imeshinda. Huziweka katika udongo mmoja na mvua moja, hurudia viwanja, na huandika tarehe.

Vipimo linganishi vya kompyuta vina historia ndefu. Whetstone kiliandikwa Uingereza mwaka 1972, kikachukua jina la kijiji. LINPACK kilijitokeza mwaka 1979, na tangu 1993 hutumika kupanga orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani. Dhrystone kilitoka mwaka 1984, na jina lake ni utani wa maneno dhidi ya Whetstone, kwani wataalamu nao hucheka. Mwaka 1988 ziliundwa jumuiya mbili, SPEC na TPC, ili makampuni yasijipimie wenyewe kwa vibaba vyao.

Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Kipimo kikishajulikana, wapo wanaotengeneza mashine ya kukifaulu, kama mwanafunzi aliyehifadhi majibu bila ya kufahamu somo. Mwaka 2013 jarida la AnandTech lilibainisha kuwa simu ya Samsung Galaxy S4 ilitambua baadhi ya programu za kupimia na kujipandisha kasi ambayo programu nyengine hazikuipata. Kwa hiyo takwimu ya muuzaji isikubaliwe peke yake. Kipimo bora kwa ofisi ya ardhi ni kufungua ramani za ardhi. Kwa ofisi ya mishahara, ni kutayarisha mishahara ya mwezi mmoja wa majaribio.

Nchi yetu imewahi kulipa gharama ya kununua kabla ya kupima. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa katika hesabu za Serikali, na mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku kwa amri ya Serikali, pamoja na televisheni. (Televisheni kwetu Zanzibar ilikwishaanza mwaka mmoja kabla.) Ilichukua miaka mingi kwa maofisi ya Bara kurejea kwenye mashine hizo.

Utaratibu unaofaa kufuatwa ofisini si mgumu. Chagua kazi tatu zinazofanywa kila siku. Kila moja ipime kwa saa ya mkononi mara tatu asubuhi na mara tatu alasiri, na uandike sekunde pamoja na tarehe, saa, na chati iliyoganda juu. Zima programu zisizohusika, na usibadilishe mambo mawili kwa pamoja; ukiongeza kumbukumbu leo, usibadilishe diski mpaka umepima tena. Chukua kipimo cha katikati, wala si kile kizuri kuliko vyote. Karatasi hiyo iambatanishwe na barua ya maombi, na nakala ibaki katika jalada la mashine, ili baada ya matengenezo ipimwe upya kwa kazi zilezile.

Programu za ziada za kupimia zisipakuliwe na mtumishi kutoka mahali asipopajua, kwani nyingi hubeba virusi. Ziombwe kwa kitengo cha teknolojia ya habari cha wizara husika. Seva inayohudumia wananchi isipimwe kwa kuelemezwa mzigo mkubwa wakati wa saa za kazi.